Ukuta Ulisimama, Mto Ukahama

Nakumbuka asubuhi moja kule Mwala, mawingu ya vuli yakiwa yamelala juu ya vilima, tulipokuwa tukijenga ukuta wa kukinga mchanga katika mto wetu wa msimu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu majuzi tu, mwanangu, na shahada ni kama kiatu kipya: mwenyewe hudhani kila mtu anakitazama.

Ukuta wa namna hiyo hauna siri. Mchanga hujaa nyuma yake, maji yakajificha ndani ya mchanga, na kiangazi kikifika mtu huchimba kidogo akachota. Ila ni lazima ncha zake, tunazoziita mabawa, ziingie kabisa ndani ya kingo. Siku hiyo lilibaki bawa moja. Mwethya, yaani kikundi chetu cha kazi ya pamoja, kilikuwa kimepanga mstari wa kupokezana mawe, na Susu Mbithe, bibi aliyetusimamia, alitaka bawa lifungwe kabla ya mvua. Alikuwa na sababu: magoti yake yalikuwa yamechoka na safari ya chemchemi ya mbali.

Sisi vijana, kwa bahati mbaya, tulikuwa na maoni. Rafiki yangu Mutiso alishikilia kwamba michezo ya video iliyofika sokoni Wamunyu ingewapumbaza watoto. Mwingine akambishia. Mimi nikaingiza siasa. Kila hoja ilisimamisha jiwe mikononi mwa mtu, na kila jiwe lililosimama lilisimamisha mstari mzima.

"Aiya! Nyinyi mko na maneno mingi," Susu akasema. "Haya. Mwenye neno aseme akiwa amebeba jiwe. Jiwe ikianguka, neno imeisha."

Watu wakaangua kicheko. Mutiso akanyanyua jiwe kubwa kwa mbwembwe. "Mimi naonelea hizi gemu..." Jiwe likamponyoka, likaanguka. "Susu, hiyo si haki! Hoja yangu ni ndefu!"

"Basi leta hoja fupi, ama mikono refu."

Zamu yangu ikafika. "Susu, kazi hii ni ya serikali. Tunalipa kodi."

"Ni kweli, mwana wakwa. Sasa sema hiyo ukweli ukiwa na jiwe."

Nikaona nimedharauliwa. Sisi vijana tukaacha mstari, tukapanda ukingoni, kando ya punda waliotuletea maji ya kuchanganyia saruji, tukabishana hadi jua likageuka. Wazee wakachoka, bawa likabaki nusu. "Tutamalizia Jumatatu," tukaahidi.

Mvua haikungoja Jumatatu. Maji yalizunguka penye pengo, yakala ukingo, yakajichimbia njia mpya. Ukuta wenyewe ulibaki mzima, umesimama kama mlango usio na nyumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta tukaacha ufa.

Kiangazi kilipofika, Susu alipita mbele ya boma letu kila asubuhi, mtungi mgongoni, ukanda ukimkata kwenye paji la uso. Hakunilaumu. Aliniamkua tu: "Bwana Maoni, umelala salama?"

Nayasema haya kwa sababu nimechoka, mwanangu. Tunajenga upya, chini kidogo ya pale pa zamani, na bawa la mwisho ni Jumamosi hii. Jana niliuliza katika kundi letu la simu nani atakuja. Nikajibiwa simu ipi ina kamera bora, gemu gani imeharibika tangu ifanyiwe mabadiliko, mbunge gani ni mwongo, na kama chapati huliwa kwa ndengu au kwa kuku. Kwa ndengu! Lakini hilo ndilo nililouliza? Wewe uliandika aya nzima kuhusu wajibu wa kaunti. Niliisoma yote, na uko sahihi. Hata mimi nilikuwa sahihi. Mto haukunisikiliza.

Sikukatazi kuwa na maoni. Asiye nayo huswagwa kama punda. Cheza gemu zako, wakosoe wabunge, dai haki yako bila kuogopa. Lakini yasemee mstarini, jiwe likiwa mkononi. Likikuzidi uzito, nyamaza, umpokeze mwenzako, upokee jingine. Na kazi yenye mabawa mawili usiiache kwenye bawa moja, hata mazungumzo yakiwa matamu namna gani.

Njoo Jumamosi. Susu hayupo tena wa kutuamkua. Anayebeba mtungi siku hizi ni mama yako, na magoti yake nayo yameanza kulalamika.

Mungu akupe ulimi usioogopa, na mikono isiyobaki nyuma ya ulimi. Mvua na ikukute bawa limekwisha kufungwa, na mama yako achote maji karibu na nyumbani.