Sarafu ya Mwape Yenye Doa

Pale soko la Kashikishi, Papa Barthélemy hana meza. Ana kitambaa cheusi, lenzi moja, na mdomo. Hununua sarafu za shaba za zamani, hasa zile za Kongo zenye tundu katikati na nyota, ambazo bibi zetu walizitunga kwenye uzi na kuwavalisha watoto kiunoni. Huwauzia wakusanyaji wa Lusaka. Sisi wauza samaki tunamtania kwamba anaangalia madoa ya shaba zaidi kuliko anavyomwangalia mkewe. Hajali. Kazi yake anaijua, na anajua kwamba anaijua.

Doa jeusi likiwa ukingoni, anasema, hushusha daraja kidogo. Likikaa juu ya nyota, hushusha zaidi. La kijani, lenye unga, ndilo baya, maana linaila shaba yenyewe. Lakini sarafu iliyosuguliwa hata haiinui kuipima. Huisukuma kwa kidole irudi kwa mwenyewe, basi. Nimeona watu wazima wakiondoka pale wamenuna.

Mwaka huu Mwape, mvuvi wa Kisiwa cha Kilwa hapa ziwani kwetu, alitaka kumuoa Joëlle, binti wa mzee huyo. Akanituma mimi kuwa mshenga. Kwetu nsalamu, zawadi ya kuomba mchumba, hupelekwa kati ya sahani mbili. Wakikubali, sahani zinabaki. Wakikataa, unarudishiwa palepale, na huulizi sababu. Mwape alinionyesha atakachoweka: sarafu ya bibi yake, ya kahawia safi, yenye doa moja dogo jeusi. Nilimsifu. Huyu kijana amejua kumpata mzee!

Siku ya kwenda nikapewa sahani zimeshafunikwa, nikavuka nazo ziwa. Papa Barthélemy akafunua mbele ya mkewe na Joëlle. Sarafu ikang'aa kama sufuria ya sikukuu.

Nikaelewa mara moja: imesuguliwa.

"Ba Bwembya," akaniuliza polepole, "nani alisugua hii?"

"Itakuwa bashangazi yake, Papa. Kule Kilwa kitu ya kupeleka kwa bakwe haiende na weusi. Banasugua yote na majivu na ndimu."

Akachukua lenzi. "Ni doa tu njo ilibakia, hapa juu ya nyota. Kwa banunuzi, hii ilisha kufa."

Kidole chake kikafika kwenye ukingo wa sahani. Kidole kile nakifahamu. Niliogopa kweli, siwafichi. Mama Pierrette, mkewe, akaacha kupepeta mchele.

"Papa," Joëlle akasema. Hilo tu.

Mzee hakuinua macho. "Bale bamama, balisugua kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mutoto yako," nikamjibu. "Balitaka aone banamuheshimu."

Akakaa na kidole chake pale, mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumpelekea Mwape. Kisha akaiokota sarafu, akaishika kwa mikono miwili, akaiweka kiganjani mwa binti yake.

"Haiko ya kuuzisha," akasema. "Ni yako."

Sahani nikaziacha palepale mkekani. Nilirudi Kilwa nimesimama katika mashua, mikono mitupu nimeinyoosha juu ili ionekane, na wale shangazi wakaanza vigelegele kabla hatujagusa mchanga.