Hatuna Kitu, Karibuni

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Mbinga yalipoanza kujaa sabuni na malori ya wanunuzi binafsi wa kahawa yakishindana kupiga honi sokoni, mama yangu alikuwa na ndoto moja tu. Alitaka dada yake aje kijijini kwetu Kihagara, kando ya ziwa, kulitazama kaburi la mama yao.

Dada yake, ambaye mimi namwita mama mkubwa, aliolewa upande wa Msumbiji, kusini kwetu kwenye ziwa hili hili, kabla sijazaliwa. Bibi alipofariki, vita ilikuwa bado inawaka kule. Habari za msiba zilimfikia baada ya majani kuota juu ya kaburi. Hata amani ilipokuja hakuja, maana mume wake alikuwa ameanguka upande mmoja wa mwili na nauli haikuwepo. Mama hakulalamika. Ila mara nyingi nilimkuta amesimama ufukoni asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya maji, anatazama kusini kana kwamba kuna mtu ameahidi kutokea huko.

Wote wawili, kila mmoja kwao, walikuwa katika umoja wa watu wanaojitolea kuhudumia wagonjwa majumbani. Kazi yenyewe ni ile ambayo kina mama wa ziwani wameifanya siku zote: kumwogesha asiyeweza kuinuka, kumpikia uji, kumfulia. Tofauti ni kwamba sasa ilikuwa na kofia, fulana na mikutano. Umoja ulikuwepo Tanzania, Malawi na Msumbiji, na siku moja tukaambiwa utafanyika mkutano mkubwa wa nchi zote tatu. Nauli na chakula vitalipwa. Kilichobaki ni kuchagua mahali. Palipopendekezwa ni Mbinga mjini, kwetu Kihagara, na kisiwa kimoja cha Malawi kilicho jirani kabisa na pwani ya Msumbiji.

Mama aliisikia habari hiyo akiwa anaanika dagaa. Aliendelea kuwatandaza taratibu, kisha akaniambia, "Mama yako mkubwa atakuja bure. Atalala chumba cha mbele."

Kuanzia hapo tuliishi kwa ajili ya chumba hicho. Alikipaka udongo mweupe. Alinunua godoro, kitu ambacho miaka michache nyuma ungekipata kwa kufahamiana na mtu. Kaburi la bibi alilipalilia mpaka likawa safi kuliko uwanja wetu. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, katibu wa kikundi kwa sababu tu mwandiko wangu unasomeka, na nilimtania kwamba anamwandalia askofu. Alicheka. Siku hizo alikuwa anacheka kwa vitu vidogo.

Wajumbe wa kuchagua mahali walifika kwetu wakati muhogo unavunwa. Kiongozi wao alikuwa mama wa Kizungu, mtu mwema kweli, aliyejifunza Kiswahili darasani na kukijua vizuri. Alimwamkia mama "Shikamoo" huku amepiga goti kidogo, na mama akampenda papo hapo. Tuliwapa samaki, mbasa wa kuchoma wanaozidi urefu wa sahani, ugali wa muhogo, kuku wawili na wali. Wali! Watoto wa jirani walisimama dirishani wakiunusa.

Wageni walipokwisha kunawa, mama alisimama, akakunja mikono mbele ya kanga yake, na kusema maneno ambayo mtu yeyote wa kwetu angeyasema.

"Wageni wetu, karibuni sana, ila mtatusamehe. Hapa kwetu ni porini tu. Hatuna kitu. Maji ndiyo hayo ya ziwani, mboga ni dagaa, na pa kulala ndiyo hivyo mnavyopaona. Sisi ni watu wa chini, basi ndiyo hivyo, mtuvumilie."

Wanakijiji wote tuliitikia kwa makofi ya taratibu. Alikuwa amesema vizuri sana. Mwenyeji anayejisifu ni mtu wa aibu. Chakula kipo mezani, kitajisemea chenyewe. Mama wa Kizungu alimtazama kwa huruma nyingi, akaandika. Nilimwona akiandika, nikafurahi, nikidhani anaandika habari za mbasa.

Baada ya siku chache tulipanda Mbinga kwa lori kusikia uamuzi. Kule juu ni dunia nyingine. Milima imechimbwa mashimo ya kulimia yaitwayo ngoro hadi kileleni, na ukiyatazama kwa mbali kwenye mawingu unaona shuka kubwa lililodariziwa. Wenyeji wetu Wamatengo walitupokea kwa mbuzi, maharage na kahawa nyeusi iliyokuwa inanukia mpaka barabarani. Mwenyekiti wao, mzee mmoja mnene aliyevaa koti juu ya koti, alisimama mbele ya wajumbe.

"Karibuni Mbinga," alisema, "ingawa kwetu hakuna cha kuonyesha. Baridi itawaumiza, barabara ni utelezi mtupu, na vyumba vyetu ni hivi hivi tu vya kubahatisha. Mtatuvumilia."

Nyuma yake, vyumba hivyo vya kubahatisha vilikuwa vya matofali ya kuchoma, vina madirisha ya vioo, vitanda vimepangwa na mablanketi mapya juu yake. Mama alinong'ona, "Huyu mzee anajua kukaribisha."

Kisha mama wa Kizungu akasimama. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. Alisema wamezunguka, wamesikia kwa masikio yao, na wameguswa sana na ukweli wetu. Hawawezi kuwatwisha mzigo watu ambao hawana maji, hawana vyumba, hawana chakula. Mkutano utafanyika kisiwani.

Nilimwona yule mzee wa Mbinga akivuta koti lake. Angesema nini? Kwamba vyumba anavyo vingi? Kisiwa kilikuwa kimeshinda kwa sababu wajumbe hawakuwa wamefika huko, na pale ukumbini hapakuwa na mtu wa kwao wa kukisema vibaya. Leo nacheka, lakini siku ile nilikasirika. Nilimgusa mama kwa kiwiko. Simama, nilimwambia kwa macho. Sema una godoro. Sema una chumba cheupe. Mama alitazama mbele, akainua mikono yake na kuanza kupiga makofi, taratibu, ya shukrani, na wote tukafuata.

Wakati wa kurudi tulikaa juu ya magunia. Lori lilishuka kutoka kwenye baridi kuelekea joto, ziwa likafunguka chini yetu, jeupe, halina mwisho, hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nilikuwa bado nanung'unika. Nilimwambia kwamba adabu yake imetuponza.

"Kisiwani ni karibu na kwake," alisema mama. "Atafika. Mimi nitamwona."

"Basi ni afadhali."

"Mimi nitamwona," alirudia. "Ila mama yetu hatamwona."

Akajifunika kanga kichwani.

Siku za mkutano zilipofika, meli ilituchukua bandarini Mbamba Bay. Safari ile naikumbuka kama usingizi: milima ya kwetu ikififia rangi, harufu ya samaki na mafuta ya injini, wanawake wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti za chini. Kisiwani maji yalikuwa maangavu hata ukaona kivuli cha meli kwenye mchanga wa chini. Mama mkubwa alikuja kwa mtumbwi pamoja na wenzake. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomwota. Yeye na mama walipiga magoti wakitazamana, wakapiga makofi ya salamu, wakaulizana habari za kila mtu aliye hai. Hawakulia. Alisema majirani wamekubali kumwangalia mgonjwa wake kwa siku za mkutano tu, kwa hiyo kuvuka mpaka Kihagara haiwezekani.

Mchana wa pili, wenzetu walipoingia katika shule ulimofanyika mkutano kujadili mipango, hao wawili walielekea ufukoni. Niliwafuata.

"Mlimlaza mama wapi?" aliuliza mama mkubwa.

Mama alivua ndala, akaanza kuchora mchangani kwa kisigino. Alichora nyumba, mlango ukitazama ziwa. Alichora jiko, na njia inayotoka majini.

"Na ule mpera?"

"Ulikauka. Hapa ulipokuwa, sogea hatua chache. Hapa." Akapiga magoti, akakusanya mchanga kwa mikono miwili, akaufanya tuta fupi, akalilainisha kwa kiganja.

Mama mkubwa alilitazama. Halafu akageuka, akaondoka. Nilidhani amekasirika. Alikwenda hadi majini, mahali njia ile ilipoanzia, akafungua kitenge chake na kukifunga upya kiunoni, kama afanyavyo mwanamke anayekaribia nyumba yenye msiba. Akaifuata njia. Alipofika uwanjani, kabla ya mlango, akaweka mikono kichwani na kulia kwa sauti, "Mama wee! Mama yangu wee!"

Mama aliitikia kilio kutoka pale kwenye tuta, kama mwenyeji.

Shuleni kiti kilianguka. Kisha wakatoka, mmoja mmoja, halafu wote: wa Malawi, wa Msumbiji, wa Mbinga, kila mmoja akikaza kitenge chake mbio mbio. Hakuna aliyeuliza. Waliwazunguka hao wawili, wakaketi mchangani na miguu wameinyoosha, wakalia nao kwa lugha zao.

Mama wa Kizungu alifika wa mwisho, akihema. Aliniinamia.

"Nani amefariki?"

"Mama yao."

"Pole sana, jamani. Anazikwa lini?"

"Sasa hivi," nilimwambia.

Akavua viatu, akakaa.