Mkono wa Kuita Adhana

Harufu ya unga wa mahindi uliotoka kusagwa, ukiwa bado wa moto, hunirudisha Gitega mara moja, kwenye mashine ya kusaga ya mama yangu. Injini yake ya dizeli ilikuwa na mkono wa chuma: ukiupandisha, inanguruma mpaka mabati yanatetemeka, ukiushusha, inapumua taratibu na watu wanasikilizana.

Kila wakati wa sala ulipokaribia, Mama alitupia jicho saa ya ukutani, akaziba mahindi yasishuke, kisha akaushusha ule mkono. Papo hapo adhana ikasikika. Sasa nyie niambieni, mtoto wa miaka saba angefikiri nini? Niliamini kabisa kwamba mkono ule ndio unaoita adhana.

Ramadhani ile nilikuwa nafunga kwa mara ya kwanza, na nilishawatangazia watoto wa mtaa mzima kwamba nitafika magharibi. Alasiri ilipopita, tumbo likaanza kulalama, nikaona nyotanyota. Mama alipotoka nje kumtwisha mteja gunia, nikaona ya nini kuteseka na dawa ninayo hapa. Nikaushusha mkono mpaka mwisho.

Injini ikakohoa, mahindi yakakwama kinuni, ikazima. Nikatega sikio. Kimya.

“Hadija, sha, iko nini?” akauliza Mama Kalisa, jirani yetu Mkristo, aliyekuwa akingoja unga wa chakula cha usiku.

“Naita adhana,” nikajibu huku nalia.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mama hakunigombeza, aliniuliza tu kama nataka kula, maana mimi bado mdogo na Mungu anajua. Nikakataa.

“Basi mashini iko nachoka,” akasema Mama Kalisa, akajikalia juu ya gunia. “Muiache ipumzike kidogo.”

Wengine nao wakakaa. Wakanitegea vitendawili, wakanitania, mpaka adhana ikasikika tangu neno lake la kwanza. Nikafuturu kwa tende, najiona shujaa wa Gitega nzima.

Siku hizi mashine naiendesha mimi. Juzi ilikwama vilevile. Nikafungua kinu, nikatoa mahindi, nikawasha tena, na chai yangu ilikuwa haijapoa. Nilibaki nimesimama na unga mikononi. Kumbe hata jioni ile ingewaka saa hiyohiyo. Wale watu walikuwa na watoto nyumbani wanaosubiri ugali, na wengi wao hata si Waislamu. Walikaa na njaa yao ili nisikae peke yangu na yangu.