Maua ya Saga Niliyoyakata

Maua ya saga, ile mboga chungu ya kienyeji ambayo wengine huiita mgagani, hufunguka jua likielekea kuzama. Ni meupe, yenye waridi kidogo, na kila moja lina nyuzi ndefu kama sharubu za paka. Upepo ukipita yote hutikisika pamoja, na mtu anaweza kusahau kwamba yuko mtaa wa mabanda wa Raila, nyuma ya chumba cha mabati, mbele ya magunia sita ya udongo. Mimi nilisahau mara nyingi. Kisha nilikumbuka, nikayakata.

Nilikata kwa sababu nilijifunza hivyo. Hakuna aliyenifundisha kilimo. Nilijisomea kwenye simu. Huko walisema ua likichomoza libanwe kwa kucha, maana mmea ukishachanua majani hukoma. Basi nikabana. Nikigundua kuna moja limenitoroka, nilikimbia kulikata kama niliyeacha jiko linawaka.

"Unanyoa mboga kama kinyozi," jirani yangu fundi viatu alinitania. "Si uipake na poda?"

Mbegu ilikuwa ya nyanya yangu, mzaa mama. Alipofariki, shamba lake kule magharibi lilipandwa miwa. Mama, ambaye huuza mboga za kienyeji katika soko la Kawangware 56, alirudi kutoka mazishini na kiganja kimoja cha mbegu nyeusi, akanipa zote kwa kuwa kwake hakuna nafasi hata ya gunia moja.

"Zisiishe," aliniambia.

Nilidhani anasema mboga za kula. Kila wiki nilimpelekea fungu lenye mashina ya zambarau. Aliyachemsha majani, akatia maziwa, akayalaza, kesho yake akaongeza maziwa mengine mpaka uchungu ukabaki kidogo tu, mwisho wa ulimi. Alikula polepole, kama anayesikiliza mtu. Nami nilijiona mtoto asiye na kosa.

Mimea ilipozeeka na kukauka, mama aliuliza, "Mbegu umeweka wapi?"

Saga bila maua haina mbegu. Jambo hilo, ambalo mtoto yeyote wa kwetu analijua, lilinifikia wakati huo, nimesimama katikati ya soko.

"Ziko," nilisema.

Nilinunua pakiti ya mbegu dukani, nikazimwaga kwenye magunia yaleyale, nikaomba mvua inifichie kosa. Zilimea vizuri mno. Jumapili moja mama alikuja kutoka kanisani, akainama, akaushika mmea mmoja chini.

"Hii shina ni ya kijani."

Nilijifanya naokota jani lililokauka.

"Ya mama yangu ilikuwa zambarau. Hii umetoa wapi?"

Nikamwambia yote, haraka, bila kupumua.

"Ukakata kila ua?"

"Kila ua."

"Hata moja halikukuponyoka?"

"Hata moja, mama."

Alicheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso, akaendelea kujifuta hata baada ya kicheko kwisha. Nilitamani anigombeze.

"Mama yangu alikuwa anaacha zile za pembeni zichanue," alisema. "Hakuniambia mbona. Na mimi sikukuambia."

Akachana ukanda wa leso yake, akafunga mashina matatu.

"Hizi tatu ukizigusa, nakuja kukukata hizo kucha mwenyewe."

"Lakini si za nyanya."

"Najua si zake. Kwani tutakaa bila?"

Ile mbegu ya nyanya imekwisha, na imeishia mikononi mwangu. Jioni hii yale mashina matatu yamechanua. Chini ya maua maganda membamba yameanza kurefuka, majani yamekuwa ya manjano, mengine wadudu wameyatoboa. Ni mabaya kuyatazama. Nimekaa mbele yake, nimeikalia mikono yangu.