Upinde wa Kumaliza Kilio

Katika ukoo wetu, siku ya kumaliza kilio cha mzee, mjukuu wa kwanza wa kiume husimama mbele ya watu na upinde wa marehemu. Anauvuta mpaka mkono ufike sikioni, anaushika hapo kidogo, kisha anaurudisha polepole. Hapo ndipo wote wanakubali kwamba nyumba ina mwenyewe. Mjukuu huyo ni mimi. Upinde haukuwapo tena, kwa sababu ziwa lilipopanda na kuingia nyumba ya babu kule Kalundu, lilitoka nao.

Baba mkubwa, anayelima mpunga Bwegera, alinipigia simu. "Chonga ingine. Uko na wiki tatu. Weye si ulisoma?"

Nilisoma uchumi. Sijawahi kuchonga hata mpini wa jembe.

Wiki ya kwanza yote niliimaliza kwa kuchagua mti. Nyuma ya nyumba tunayopanga Kasenga kuna mpera wenye tawi lililonyooka, unene wa kifundo cha mkono. Nililitazama asubuhi na jioni. Lakini nilisoma kwenye simu kwamba mti ukauke mwaka mzima kwanza, basi nikanunua mwanzi mkavu ulioteremshwa kutoka milimani. Niliupasua, nikaanza kuogopa vifundo vyake, nikauacha. Nikaenda kwa jirani yetu seremala kuomba ubao wa mkaratusi. Nao nikaurudisha, maana nyuzi zake zilikuwa zinakimbilia pembeni.

"Minye nilichagua bibi kwa siku mbili," seremala akasema, bila kuacha kupiga randa. "Weye wiki nzima uko unachumbia kijiti. Kata ile mpera!"

Nikalikata lile tawi. Akanionyesha pa kupunguza: upande wa tumbo tu, ule unaomtazama mvutaji. Mgongo, upande wa nje unaotanuka upinde ukivutwa, nisiuguse. Niutoe ganda, basi.

Nilimsikia vizuri sana. Ila mgongoni palikuwa na kinundu, na kila nilipolala nilikiona kikipasuka mbele ya ukoo mzima. Siku ya tatu nikaazima randa nikakisawazisha. Mgongo ukawa laini kama meza. Halafu nikaona nilichofanya: nyuzi za mti nilikuwa nimezikata katikati.

Sikumwambia. Nilianza kutafuta kitu cha kubandika mgongoni kuficha kosa na kuushikilia mti. Niliwaza kano za ng'ombe, niliwaza uzi wa nyavu za wavuvi, nikapima hiki na kile siku nne nzima. Mwisho nikachukua ngozi mbichi ya mbuzi kwa fundi wa ngoma, nikailoweka, nikaibandika kwa gundi ya mbao na kuifunga kwa kamba. Ilikuwa majira ya mvua. Siku tatu ngozi haikukauka. Ilinuka, na mbwa wa mwenye nyumba alihamia mlangoni kwangu. Nikauning'iniza upinde juu ya babula, jiko letu la makaa. Ngozi ikakaza na mti ukakauka upesi kupita kiasi. Mchana wa siku ya pili nikasikia mlio mmoja mkavu.

Seremala alikuja kuuangalia. Mti ulikuwa umepasuka toka kati hadi ncha, na ngozi juu yake imetanda, nzima kabisa. Akaipiga kwa kidole. Ikalia.

"Lisansiye wa chuo kikuu," akasema, "umetengeneza ngoma."

Nilitaka kumtupia babula. Zilibaki siku mbili.

Tulikata tawi lingine la mpera alasiri hiyohiyo. Alisimama juu yangu nikichonga, na kila mkono wangu ulipoelekea mgongoni alikohoa. Hatukubandika kitu.

"Lakini ni mubichi," nikasema.

"Mubichi haivunjikake. Itabaki imepinda kidogo. Na weye umepinda, nani anakusemesha?"

Siku ya kumaliza kilio, uani kwa baba mkubwa, Bwegera, nilisimama mbele ya watu, seremala akiwa kati yao. Nilivuta. Mkono ukafika kidevuni, na pale nikakumbuka ule mlio. Nikasikiliza.

"Sikio!" baba mkubwa akaita. "Sikio iko juu, mwanangu! Vuta!"

Watu wakacheka kidogo, wakasubiri. Nilihesabu unene wa ncha zote mbili, nikawaza unyevu na yale makaa. Kisha nikaurudisha.

"Basi, imetosha," akasema baba mkubwa, kwa sauti ya kumwambia mgonjwa aliyeshindwa kumaliza uji. Akawaambia wanawake walete chakula.

Asubuhi yake, uani Kasenga, niliuchukua tena nikavuta mpaka sikioni. Nikaushika, nikahesabu hadi kumi. Haukutoa hata mlio.

Seremala alikuwa anafungua mlango wake. Akasimama na kufuli mkononi.

"Ndo leo unavuta?" akauliza. "Jana ulikuwa wapi?"