Remoki ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakuniomba, alinitangaza. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, familia ya mke wangu imejaa uani, sahani za bukari, ugali wetu, zimeshaondolewa.

"Batu ya Ulaya banaendesha motoka na majiwe yetu," alisema, akimaanisha kobalti inayochimbwa hapa Kolwezi na kutiwa kwenye betri. "Shiye tunanunua tu mazutu. Lakini mukwe wangu iko fundi. Atatosha injini mu kamyo yangu, ataweka betri, na itavuta remoki sawa zamani."

Lori lake la dizeli nilibadilishe liwe la umeme: wote wakanigeukia. Mimi ni fundi wa umeme, miaka mingi nimetengeneza mashine za kuinulia mizigo kwenye maghala ya migodi, na nilishapiga hesabu kabla hajafunga mdomo. Mota tuliyoweza kupata ingetoka kwenye mashine kama hizo. Lori lenyewe ingelivuta. Lori pamoja na remoki, yaani trela, iliyojaa mahindi, kwenye kile kilima cha kuingilia mjini, ng'o.

"Ndiyo, tata," nikasema.

Kwetu mwanamume habishani na baba wa mke wake, sembuse mbele za watu. Neno gumu hupitia kwa mke, naye hulifikisha polepole kwa mama yake jikoni. Mke wangu sikumwambia. Angelifikisha, na mzee angejua kwamba nimeshindwa. Huo ndio ukweli, na hauna sura nzuri.

Kazi ilichukua miezi. Kila wiki nilijiahidi kusema, na kila wiki alikuja na soda, akakaa juu ya tairi akinisifu kwa majirani. Halafu akauza injini ya zamani kwa mtu wa Tenke bila kuniuliza. Walipokuja kuibeba nilijilaza chini ya lori kama mtu anayekaza nati, nikalia.

Siku ya mzigo wa kwanza tulitoka shambani watatu: mimi kwenye usukani, mke wangu katikati, baba yake mlangoni amevaa koti la kanisani. Remoki ilijaa hadi juu. Mahali tambarare tulikwenda vizuri, bila kelele, mzee akipungia watu mkono. Tulipofika kilimani mota ikaanza kunuka. Katikati ya mwinuko umeme ukajikata wenyewe kwa sababu ya joto.

Lori likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Breki ya mkono haikuweza kuzuia uzito wa remoki, na pampu ndogo niliyofunga ya kujaza hewa ya breki ilizimika pamoja na mota. Mshale wa kipimo cha hewa ukawa unashuka. Kwenye kioo niliona wanawake wawili nyuma yetu, wakisukuma baiskeli zenye magunia ya makaa.

Mguu wangu haukuweza kutoka pale. Mke wangu alikuwa amebanwa katikati. Wa kushuka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu alikuwa mmoja tu, na ulimi wangu ulikataa kumtuma.

"Tata," nilianza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. "Kama munapenda..."

"Nini?"

Lori likateleza tena. Mke wangu akapiga kelele.

"Shuka! Weka majiwe nyuma ya mapine! Mbiyo!"

Nilimfokea baba wa mke wangu kama ninavyofokea mbuzi. Akashuka. Nilimwona kwenye kioo akiinama na kuinuka, koti limejaa vumbi, mpaka remoki ikarudi kidogo na kutulia. Wale wanawake walikuwa wameshajitupa kando ya barabara na baiskeli zao. Akaja dirishani kwangu akihema.

"Ulijua?"

"Nilijua, tata."

"Toka lini?"

"Toka ile siku ya dimanshi, kisha misa."

Alimtazama binti yake, ambaye bado alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mi uliniheshimu," alisema. "Na mutoto yangu ukamupandisha mu hii kamyo."

Akazunguka, akamfungulia mlango. Mke wangu alishuka bila kuniangalia, wakaanza kupanda kilima kwa miguu kwenda kutafuta watu wa kupakua.

Nilibaki na mguu juu ya breki. Yale mawe niliyaona vizuri kwenye kioo, na yalikuwa madogo. Nilitaka kumwita mzee arudi aongeze makubwa. Nikatoa kichwa dirishani, akageuka.

"Aksanti, tata," nikasema.