Pole Iliyopelekwa Kituo cha Basi

Siku yangu ya kwanza kazini, naibu mkuu wa shule alinipa redio ya mkononi na kizibao cha rangi ya machungwa kinachong'aa, kisha akanipeleka mahali ambapo ngazi mbili zinakutana. Akaniagiza nisimame hapo kila kengele inapolia, nisikimbie hata nikisikia kelele, na nisimshike mwanafunzi yeyote mpaka nimefundishwa namna ya kumshika. Ilikuwa sekondari ya serikali hapa Lewisham, London, mwendo mfupi kutoka sokoni. Kabla ya hapo nilikuwa nasimamia watoto wakati wa chakula cha mchana katika shule ya msingi huko Tooting, na nilidhani watoto nawajua.

Kengele ikalia. Wavulana wawili wakashikana mashati, na kabla sijaelewa, wanafunzi walikuwa wamefanya duara na simu zimeinuliwa juu. Nikapaza sauti kama mwalimu wa zamu wa shule niliyosoma Morogoro. Hakuna aliyegeuka. Akapita pembeni yangu mkuu wa mwaka, yaani mwalimu anayesimamia wanafunzi wote wa rika moja. Alikuwa mtu wa Wales, mfupi, amebakiza muda kidogo kustaafu. Waliokuwa wanapigana hakuwatazama kabisa. Aliwaita watazamaji kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida, akimuuliza huyu ana kipindi gani na yule kaacha wapi begi lake. Duara likapukutika. Wale wawili wakajikuta hakuna anayewaangalia, wakaachiana wenyewe.

Baadaye, tukinywa chai, akaniambia: "Ondoa watazamaji kwanza. Mtu akibaki peke yake na ngumi yake, inamwia nzito."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na nililitumia mpaka siku naondoka.

Ualimu sikuusomea. Nilimaliza kidato cha nne, nikaja London, nikafanya usafi wa ofisi, kisha nikaingia shuleni. Miongozo ya serikali kuhusu nidhamu niliisoma maktaba ya mtaa, kamusi ikiwa pembeni, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nataka vijana mnaoingia kazi hii mjue kwamba miongozo hiyo inasomeka. Inaeleza lini mfanyakazi wa shule anaruhusiwa kutumia nguvu ya kadiri, maana yake nguvu inayotosha kuzuia madhara na isiyozidi hapo. Inaeleza tofauti ya kusimamishwa kwa muda, ambako mtoto anakaa nyumbani siku alizopangiwa kisha anarudi, na kufukuzwa kabisa, ambako jina lake linaondolewa na halmashauri inamtafutia pengine pa kusoma. Walimu wengi hawana nafasi ya kuisoma. Wana madaftari ya kusahihisha.

Nilipopandishwa kuwa ofisa nidhamu, nilifanya kazi chini ya wakuu wawili wa shule waliopishana kama mchana na usiku. Wa kwanza, mama mmoja mpole, aliamini kila kosa linamalizwa kwa mazungumzo. Wanafunzi wakajua hivyo. Wakawa wanamtukana mwalimu asubuhi, wanazungumza mchana, jioni wanatukana tena. Mwalimu mmoja wa Kifaransa, mtu mzima, nilimkuta amejifungia stoo analia, amenyunyiziwa soda kichwani. Mwishoni mwa muhula akaacha kazi. Wa pili aliyemfuata alikuja na ukimya. Kwenye korido hakuna kuongea, shati limechomekwa, ukichelewa unakwenda chumba cha kutulia, yaani unakaa peke yako unaandika kutwa nzima. Fujo zilipungua, sikatai. Ila wale watoto ambao shida zao hazikuwa za mashati walizidi kuwa wakali. Mkuu huyo alikuwa na neno lake: "Sheria ikiwa na mlango wa nyuma, wote watapita nyuma." Mimi nilimheshimu, na mara kwa mara nilibishana naye. Kisa ninachotaka kuwaeleza kilitokea wakati wake.

Alikuwepo kijana wa mwaka wa tisa, umri wa miaka kumi na minne hivi. Nitamwita Hemedi. Mama yake anatoka Tanga, ni mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, na Hemedi ndiye mtoto wake pekee. Siku moja katika maabara, Hemedi aliinua stuli akamrushia mwenzake. Mwenzake akainama. Stuli ikampata mwalimu wa sayansi, Bi. Carter, aliyekuwa amenyoosha mkono kuzima jiko la gesi. Vidole viwili vilivunjika. Bi. Carter alikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na wenzake walishaanza kunong'ona kwamba hatarudi.

Mkuu akatangaza kwamba anakusudia kumfukuza kijana kabisa. Kabla ya uamuzi, sheria inataka uchunguzi, na uchunguzi uliangukia kwangu. Nilizungumza na Hemedi kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama wenzake wote waliozaliwa hapa. Mimi sikuwa nauliza "kwa nini", maana mtoto akiulizwa kwa nini hutunga. Nilimuuliza nini kilitokea kabla ya stuli. Akanyamaza. Nikamwambia ukimya wake ndio utakaomfukuza. Akavuta kofia ya sweta lake mpaka kwenye nyusi na kusema, "Andika tu kwamba mimi ni mkorofi." Yule mwenzake alisema hakumfanya lolote, na darasa zima likasema halikusikia kitu.

Siku iliyofuata mambo yakaharibika zaidi. Bi. Carter alikuja shuleni kutoa maelezo yake, mkono umefungwa bendeji. Alipotoka akaenda kituo cha basi. Akamkuta mwanamke amesimama kwenye mvua, amejifunga kanga kichwani, amebeba hotipoti ya pilau. Mwanamke akamshika mkono wa koti, akamsukumia ile hotipoti huku akirudia kwa Kiingereza chake cha kazini: samahani mwalimu, samahani, kula. Bi. Carter alipotambua huyu ni mama wa nani, aliliacha basi lake na kurudi shuleni mbio.

Mkuu aliniita ofisini. "Huku ni kumtisha shahidi," akasema. "Kesi imekwisha."

Nikamwambia kwamba, kwa jinsi ninavyowajua watu wetu, yule mama alikwenda kutoa pole, na nikaomba nafasi ya kuzungumza na wote wawili kabla hajaandika barua. Akasema nafasi ninayo mpaka siku ya kusikilizwa shauri, na kwamba hajaahidi kitu.

Nilikwenda kwa Mama Hemedi jioni hiyohiyo.

"Shikamoo dada," akanipokea mlangoni. Hotipoti ilikuwa juu ya meza, imejaa bado.

Nikaitikia, nikakaa, nikamweleza kosa lake lilivyoonekana upande wa pili. Alishika kichwa.

"Mwanangu kamvunja mtu vidole, mimi nikae nyumbani nakula? Nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Ungenipigia mimi simu kwanza."

"Pole ya simu, dada? Kwa mtu niliyemuumiza?"

"Hukumuumiza wewe."

"Nimemzaa mimi," akasema.

Kesho yake nilimpigia Bi. Carter, akakubali tuonane. Nikamweleza bila kupamba. Kwetu mzazi ambaye mtoto wake ameumiza mtu hasubiri barua. Anakwenda mwenyewe, anapeleka chakula, anajishusha. Asipokwenda, maana yake anajivunia alichofanya mwanawe. Nilimweleza pia kwamba kumngojea mtu kituoni si sahihi, hapa wala kwetu, na kwamba yule mama hakujua mahali pengine pa kumpata.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aulize kuhusu usalama wake. Badala yake akauliza: "Na mwenyewe alikuwa wapi?"

"Nani?"

"Hemedi. Mama yake amesimama kwenye mvua na chakula. Yeye alikuwa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kuelezea mila, na swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Akasema samahani ya mama ameipokea, ila haikuwa deni la mama. Alikuwa tayari kuketi na kijana katika kikao cha mapatano kwa sharti moja, mama asiwepo.

Kikao cha mapatano ni njia ambayo aliyeumiza na aliyeumizwa wanakaa meza moja na msimamizi mmoja. Maswali yanafuata mpangilio. Nini kilitokea, nani ameumia, nini kifanyike sasa. Kwa mtoto mdogo, mzazi ana haki ya kuwemo, kwa hiyo ridhaa ya Mama Hemedi ilihitajika. Nilipompa habari Hemedi, nikashangaa kusikia kitu kilekile kutoka kwake. "Mama akija, mimi siji."

Mama alikasirika, na alikuwa na haki. "Mimi ndiye mzazi. Mtoto akahukumiwe na Wazungu, mimi nje kama mfagizi?"

"Utakaa nje ya mlango," nikamwambia. "Mimi nitakuwa ndani. Umekuwa ukimtangulia kila mahali, dada. Mara hii atangulie yeye."

Alizunguka jikoni, akafungua bomba, akalifunga. Mwisho akasema sawa, lakini kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Siku hiyo Hemedi aliingia amechomekea shati bila kuambiwa. Bi. Carter aliweka mkono wake wenye bendeji juu ya meza, akauacha pale. Niliuliza swali la kwanza. Ukimya ukawa mrefu, nami nikauacha, kwa sababu msimamizi anayejaza ukimya anamwibia mtoto zamu yake. Kisha Hemedi akasema, macho kwenye meza, kwamba mwenzake alikuwa akimwambia kila siku, na siku hiyo alimwambia tena, kwamba mama yake anafuta makalio ya wazee wa Kizungu na kwamba hata yeye Hemedi ananuka.

"Nilitaka anyamaze," akasema. "Wewe sikukuona, Miss."

Ndipo nilipoelewa ule ukimya wote. Alikuwa tayari kufukuzwa shule kuliko maneno yale yasomwe mbele ya mama yake.

"Vidole vyangu havijui sababu yako," Bi. Carter akamwambia. "Vinauma vilevile. Lakini mimi sasa naijua."

Hemedi akamuuliza kama mkono wake utaweza kuandika ubaoni.

"Bado."

Hapo akalia, na akasema samahani yake mwenyewe, sikumdokeza. Nikauliza swali la mwisho, nini kifanyike. Bi. Carter akasema adhabu itoke kwa mkuu, yeye hataiomba wala kuipunguza, ila kijana akirudi atakaa dawati la mbele. "Nami nitakuwepo," akasema. Ndivyo nilivyopata habari kwamba haachi kazi.

Nilimpelekea mkuu maelezo yote. Alisoma, akavua miwani. Nikamkumbusha kwamba sikuwa naomba mlango wa nyuma. Niliomba adhabu yenye mwisho. Akaamua Hemedi asimamishwe, kisha asome muhula mmoja katika kituo cha nje cha wanafunzi waliokosa nidhamu, ndipo arudi. Yule mwenzake naye aliitwa na wazazi wake, akaadhibiwa kwa maneno yake. Muhula ulipokwisha, Hemedi alirudi, akakaa mbele. Hakugeuka malaika. Aliwahi kutolewa darasani tena kwa ubishi. Samani hakuinua tena.

Siku ile ya kikao, nilipofungua mlango, Mama Hemedi alisimama haraka kwenye kiti chake cha koridoni.

"Kasema nini?"

"Ameomba radhi."

"Na sababu?"

"Ameitaja. Hiyo atakwambia mwenyewe akiwa tayari."

"Dada, mimi ni mama yake."

"Ndiyo maana atakwambia yeye."

Alinuna. Kwa muda mrefu tukikutana sokoni alinisalimia kwa heshima zote na hakusimama kuzungumza. Nilivumilia. Katika kazi hii usipoweza kununiwa na mtu unayemtakia mema, utauza siri za watoto ili upendwe na wazazi.

Nilistaafu mapema, kwa sababu ya goti. Nilisukumwa kwenye ngazi siku ya ugomvi, na goti halikurudi kama lilivyokuwa. Aliyenisukuma hakukusudia, nami nilirudi kazini kabla ya ruhusa ya daktari kwisha, kwa sababu nilitaka wanione nimesimama palepale. Vijana mnaniuliza kama kazi hii inafaa, mkisikia habari za visu na walimu kupigwa. Nawajibu kwamba ni ngumu na itazidi kuwa ngumu. Someni miongozo. Jifunzeni majina ya watazamaji. Msiwaachie walimu wapya wapigwe peke yao halafu mkawaambia wawe na moyo. Na mtoto akikosa, mfanyeni ashike kosa lake kwa mikono yake mwenyewe, hata kama mama yuko tayari kulibeba, hata kama mama anawabembeleza alibebe.

Mwaka huu Mama Hemedi alinipigia simu. Mwanawe sasa anajifunza ufundi wa umeme. Aliniamkia, akauliza goti, kisha akasema, "Ameniambia."

Sikuuliza nini.

"Tulikuwa tunakula," akasema. "Akaanza tu. Miaka yote hiyo kaikalia. Nikamwambia, ndiyo, nawafuta. Na wewe nilikufuta. Na mimi siku yangu ikifika nitafutwa, na huyo aliyekucheka atafutwa pia, aombe tu apate mwenye mkono mwepesi kama wangu."

"Akajibu nini?"

"Aliinuka tu, dada, akaosha vyombo."